Ukoka wa Kitui

Ngatia aliamka kabla ya jogoo, akamwagilia nyasi, akauviringa mpira wa maji na kuuficha nyuma ya zizi, lakini haya haikuwa imemtoka. Nyasi zilikuwa zimependeza mno. Mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa ugali wa mahindi ya njano, mvua ya masika ilikuwa imekataa kabisa, na mtaa mzima wa Gatitu ulikuwa rangi ya vumbi kuanzia barabarani hadi kwenye miti ya kahawa. Uwanja wa mbele ya nyumba yao peke yake ndio uliokuwa kijani. Mpita njia alipunguza mwendo, akachungulia juu ya ua, kisha akaenda zake akitikisa kichwa.

“Na ile kona ya mlangoni?” mama yake aliuliza kutoka jikoni.

“Nimeimwagilia, Maitu.”

“Na mpira?”

“Nimeuficha.”

Mama yake, Kagure, akatoka nje akijifuta mikono kwa leso. Alikuwa mjane, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, na kwa usafi wa nyumba hakuwa na mshindani mtaa mzima. “Unauficha kwa nini? Uliuiba?”

“Sikuuiba.”

“Basi simama wima. Leo unaonwa.”

Alikuwa akionwa kweli. Wazazi wa mchumba wake, Nduku, walikuwa njiani kutoka Kitui, wanakuja kuona itara, maana kwa watu wa Nyeri msichana hatolewi kwao mpaka wazee wake waje waione nyumba atakayoishi: jiko lake, kuni zake, choo chake, na nyuso za watu wake. Baada ya hapo ndipo siku ya harusi hutajwa. Ngatia alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima. Sasa ilipofika, angefurahi kama ingeahirishwa, hata kwa sababu mbaya.

Ninyi mnaosoma msimwonee huruma haraka. Ngatia alikuwa kijana mzuri, mrefu, mwenye sauti ya kutuliza, muuzaji katika duka la misumari na mabati mjini Nyeri, na wasichana wengi walikuja kununua misumari ambayo hawakuwa na mahali pa kuipiga. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kuvumilia kuchekwa.

*

Mambo yalianza mwaka uliotangulia, wakati wa mvua za vuli. Nduku, mwalimu wa shule ya msingi kule Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga, alikuja Gatitu akiwa na gunia lililolowa begani na tope hadi kwenye vifundo vya miguu.

“Umebeba nini?” Ngatia alimuuliza.

“Zawadi ya Baba. Ameuchimba mwenyewe nyumbani, pale mbele ya mlango. Mama yako si alisema anataka uwanja wa nyasi? Huu ni ukoka. Sisi tunauita ikoka.”

Ngatia alichungulia ndani ya gunia, akautambua mara moja. Hata mtoto wa Nyeri anaujua mmea ule. Ni thangari, ile nyasi itambaayo, adui wa kila mwenye jembe, ambayo mwanamke huing'oa leo na kesho akaikuta imerudi na watoto. Lakini Nduku alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mikono yake ikifanya kazi, na shingo yake ikiwa na matone ya mvua. Ngatia angekubali kupanda hata miiba.

“Unaona hivi vifundo?” Nduku alisema. “Kila kifundo ni mche. Ulaze chini, funika, acha ncha itoke nje ipumue. Wakati huu wa mvua ndio wakati wake. Ukishashika, unauacha. Usiumwagilie maji.”

“Hata kiangazi?”

“Kiangazi ndiyo kabisa. Ukiuzoesha maji ya juu, mizizi inakuwa mivivu. Uache uyatafute chini. Na ukikata, usiukate mpaka chini kama kichwa cha askari jela. Uache na nywele kidogo, ujifunike wenyewe.”

“Na ukikauka?”

Nduku alimtazama, na macho yake yalikuwa karibu sana. “Utakuwa kahawia. Utaonekana kama umekufa. Usiogope, Ngatia. Utakuwa umelala tu. Mvua ikija unaamka kabla ya nyasi zote.”

“Nitaulinda,” Ngatia alisema, na mwalimu wa watu akacheka, akamwambia kwamba siku ya itara atavua viatu pale langoni na kutembea juu yake mpaka ndani.

Alisema ataulinda. Alisema hivyo akiwa amemshika mkono.

Ukoka ulishika. Desemba ulikuwa umefunika uwanja wote. Kagure aliukodolea macho, akakaza midomo, akanyamaza kwa heshima ya wakwe. Januari jua likawaka. Februari ukawa kahawia kama Nduku alivyosema, na mwezi huohuo zamu ya kuwakaribisha akina mama wa kanisa ikamwangukia Kagure.

Ngatia alikuwa sebuleni akipanga viti aliposikia sauti zao langoni.

“Kagure, ni macho yangu ama umepanda thangari mbele ya nyumba?”

“Na imekufa, hata! Mtu anawezaje kuua thangari?”

“Ni ya yule msichana Mkamba. Labda kwao ndiyo maua.”

Wakacheka. Kicheko hakikuwa na sumu nyingi, kilikuwa cha wanawake waliotembea juani na wanaotaka chai. Lakini Ngatia alihisi masikio yakiwaka moto. Hakutoka nje kusema neno. Alibaki ameshika kiti. Kesho yake mama yake alipokwenda sokoni, alichukua jembe la meno, akauchimba ukoka wote, akaurundika kwenye toroli na kuutupa nje ya ua, kwenye ukingo mgumu wa barabara. Kisha akaenda mjini kwa wauza miche, akanunua nyasi laini za kizungu.

Mama yake aliporudi na kuona, hakuuliza swali. Alipokuwa msichana alichuma pareto kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Kieni, na huko palikuwa na uwanja wa nyasi laini ambao hakuruhusiwa hata kuukanyaga. Alivua viatu, akasimama katikati ya miche ile, akatabasamu mpaka Ngatia akajiona amefanya jambo jema.

Kila Jumamosi aliyopata nafasi, Ngatia alikutana na Nduku katikati ya safari, Karatina, kwenye hoteli ndogo ya chai ya Moffat kando ya soko. Kagure hakupenda msichana ambaye bado hajaombwa rasmi awe akiingia na kutoka kwake, kwa hiyo Nduku hakurudi tena Gatitu. Kila mara, kabla hata ya kugusa kikombe, aliuliza swali lilelile.

“Ukoka wangu unaendeleaje?”

“Unaendelea vizuri.”

Mara ya kwanza alisema akitazama mandazi. Baadaye alizoea akawa anasema akimtazama usoni.

*

Gari la kukodi lilisimama langoni jua likiwa kali. Gicheru, ndugu wa marehemu baba yake Ngatia na msemaji wa familia, alikimbia kuwapokea huku kofia ikimdondoka. Mzee Nehemiah, baba yake Nduku, alishuka kwanza, mtu mwembamba mwenye koti kuukuu lililopigwa pasi vizuri. Akafuata mkewe Tryphosa akiwa na kiondo kipya kifuani, kikapu cha kusukwa, zawadi ya mama mwenye nyumba. Nduku alishuka mwisho, ndani ya gauni la rangi ya zambarau, akaona uwanja, akapiga kofi kama mtoto.

“Baba, tazama! Si nilikwambia? Tangu Sagana mpaka hapa tumeona vumbi tupu. Ona ukoka wako! Na haujaomba mtu maji!”

Ngatia alifungua mdomo. Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kusema pale pale, kwa sauti ndogo, Nduku, ngoja kwanza. Gicheru akamtangulia kwa kelele za karibuni, na nafasi ikapita.

Nduku alikuwa ameshavua viatu. Alikanyaga kwa furaha, akaenda hatua kadhaa, kisha akasimama. Nyayo zake zilizama. Maji yalipanda katikati ya vidole. Aliitazama miguu yake kwa muda, halafu akainua macho na kumtazama Ngatia.

Hakuwa na hasira. Hasira Ngatia angeivumilia. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyepiga hodi nyumba anayoijua akafunguliwa na mgeni. Ngatia aliyakwepa macho yale, akajifanya kusaidia mizigo.

Mzee Nehemiah aliinama, akazipapasa nyasi kwa kiganja, akanyofoa jani moja na kulizungusha vidoleni. “Nduku,” aliuliza, “huu ndio ule wa kwetu?”

Nduku alimtupia Ngatia jicho.

“Muulize Ngatia, Baba. Yeye ndiye aliyeutunza.”

Alikuwa anamfungulia mlango wa kusema kweli, na hata mbuzi angeuona. Mama yake Ngatia alikuwa kwenye baraza akiwa na kilemba kipya, Gicheru ametabasamu mpaka magego, dereva amesimama akisikiliza.

“Ndio wenyewe, Mzee,” Ngatia alisema.

Mzee alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta vidole kimoja kimoja. “Haya,” alisema, akaingia ndani. Nduku alivaa viatu vyake juu ya miguu yenye tope na kumpita Ngatia bila kumgusa.

*

Ndani, Gicheru alisifu. Alisifu nyumba, akasifu mkaa, akasifu ng'ombe ambaye kwa kweli alikuwa ameonyesha mbavu. Kagure aliwaonyesha wageni jiko, na Tryphosa akatikisa kichwa kwa kuridhika alipoziona kuni zimepangwa vizuri kwenye itara yenyewe, dari ya kuni juu ya moto. Wakaketi. Mukimo na nyama vilikuwa vinaingia mezani iliposikika hodi mlangoni.

Alikuwa Gaudencia, mke wa Oloo askari polisi, mpangaji wa nyumba za jirani. Alikuwa na debe tupu mkononi na mtoto mgongoni.

“Mama Ngatia, pole kwa kusumbua wageni. Nimekuja kuchota ile maji inabaki. Ama leo nyasi imekunywa yote?”

Kijiko cha mtu kiligonga sahani.

“Gaudencia, rudi baadaye,” Kagure alisema haraka.

“Baadaye mfereji itakuwa imefungwa, mama. Huyu mtoto hajaoga tangu juzi. Mimi si nalaumu, nyasi ni yako. Naomba debe moja tu.”

Mzee Nehemiah aligeuka polepole kwenye kiti. “Mama, samahani. Hii nyasi inamwagiliwa?”

“Wee! Kila asubuhi, mzee. Mpaka kule kwa ploti tunasemanga, heri mtu angezaliwa nyasi kwa Mama Ngatia.” Alianza kucheka mwenyewe, akaona hakuna aliyecheka naye, akakizuia kicheko kwa kiganja mdomoni. “Kwani nimesema vibaya?”

“Hapana,” Mzee alisema. “Umesema vizuri.”

Nduku alikuwa akitazama sakafu. Ngatia alimwona akiificha miguu yake yenye tope chini ya kiti, na hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo halikuwa limemjia hata mara moja. Nduku alikuwa akiona haya. Alimsifia mchumba wake kwa baba yake njia nzima kutoka Kitui, na sasa haya yake yeye Ngatia ilikuwa imemwagikia msichana wa watu mbele ya wazazi wake.

“Baba Nduku,” Kagure alianza, akikaza kilemba, “wacha niseme ukweli. Ile kitu ilikuwa thangari. Mimi nimeng'oa thangari tangu niko msichana mdogo, mpaka mgongo yangu ikakunjika. Sasa mtu anakuja kwangu na gunia ya thangari, ati ni zawadi! Nilinyamaza kwa heshima. Lakini sikusema itolewe. Hiyo sikusema. Siku moja nimetoka soko nikapata imeenda.”

Kila mtu akamgeukia Ngatia. Hakuwa na pa kujificha sasa, hata nyuma ya mama yake.

“Ni mimi,” alisema. “Niliung'oa Februari. Ulikuwa umekauka. Wanawake walikuja hapa wakacheka. Nikaung'oa, nikapanda hizi. Na nimekuwa nikimwambia Nduku kwamba ukoka wake uko. Nimemwambia hivyo miezi yote hii. Na leo nimekuambia wewe, Mzee, uso kwa uso.”

Gicheru alikohoa, akatafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usemaji akalikosa.

“Ukoka ule,” Mzee Nehemiah alisema, “niliuchimba pale mama yangu alipokuwa akianika mtama. Sikuwa na kingine cha kumpa binti yangu aende nacho kwa watu.” “Uliuchoma?”

“Sikuuchoma. Niliutupa nje, kando ya barabara.”

“Ngatia!” Kagure aliruka kitini. Yote hayo aliyavumilia, lakini hili likamshinda. “Ulitupa thangari bila kuchoma? Si itaingia kwa shamba ya kila mtu! Nani alikufundisha?”

“Mkono ulikataa kuchoma, Maitu.”

Mzee alikuwa amesimama. “Twende tuuone.”

Wakatoka wote, wenyeji na wageni, na Gaudencia na debe lake. Nje ya ua, kwenye ukingo ule mgumu ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, ukoka ulikuwa umelala chini, kahawia, wenye vumbi, umekanyagwa. Ulikuwa umetambaa kutoka pale ulipotupwa hadi karibu na mtaro. Mzee alivuta uzi wake mmoja, haukutoka. Akavuta kwa nguvu, akauvunja kwenye kifundo na kumwonyesha mkewe. Ndani ulikuwa mweupe, una unyevu.

“Kumbe hii ni yenu?” Gaudencia alisema. “Hii ndiyo mbuzi yangu imekula kiangazi hii yote. Bila hii singekuwa na maziwa ya huyu.” Akampapasa mtoto mgongoni.

Kagure aliutazama ule uzi mikononi mwa Mzee.

“Tulikuja kuona nyumba,” Mzee alisema. “Mimi bado sijaiona. Mkiwa nayo, mtatuita.” Kisha akamgeukia Kagure, na sauti yake ikawa laini. “Lakini chakula cha mama hakina kosa. Twende tule, kisipoe.”

*

Nduku hakurudi ndani na wengine. Ngatia naye alibaki, ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

“Nisamehe,” alisema.

“Kwa lipi?”

“Kwa uongo.”

“Uongo ni mdogo. Uongo ningeumeza.” Alikuwa akitazama barabara. “Uliniona pale nikikanyaga maji. Ulijua kwamba nimejua. Nikakupa nafasi ya kusema mwenyewe, mbele ya baba yangu, akuheshimu. Ukaniacha pale na tope miguuni.”

“Niliona haya, Nduku.”

“Haya ya nyasi?”

Ngatia alitaka kusema ndiyo. Lingekuwa jibu rahisi. Alimtazama yule msichana aliyempenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na akasema jambo baya kuliko yote aliyosema siku ile, kwa kuwa lilikuwa kweli.

“Haya ya wewe. Walisema ni ya yule msichana Mkamba. Wakacheka. Na mimi nilikuwa ndani, nimeshika kiti. Badala ya kutoka niseme ni mchumba wangu, nilichukua jembe.”

Nduku alifumba macho. Machozi yakatoka hivyo hivyo, macho yakiwa yamefumbwa.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa naomba tu nisikie kitu kingine.”

“Nakupenda, Nduku. Mungu anajua.”

“Ulinipenda Desemba, nikiwa kijani.” Alijifuta kwa kiganja. “Nikiugua je? Nisipozaa upesi, mama yako aanze kuulizwa kanisani? Nikizeeka? Kila mtu ana kiangazi chake. Nikikauka kidogo na watu wakipita wakicheka, utachukua jembe?”

Nduku hakungoja jibu. Alirudi ndani, akakaa karibu na mama yake, akala kidogo kwa adabu. Walipoondoka, alimshukuru Kagure kwa mikono miwili. Kwa Ngatia alisema tu, “Baki salama,” kama mtu anavyomwambia mwenye duka.

*

Ngatia hakungoja jua lishuke. Alivua koti, akakunja mikono ya shati jeupe alilonunua kwa ajili ya siku hiyo, akachukua lile lile jembe la meno na kuanza kuchimba nyasi laini mbele ya Gatitu yote. Watu waliotoka kanisani wakasimama nje ya ua. Wengine waliuliza kama ameibiwa kitu, na mmoja akauliza kama anachimba kaburi. Kila swali lilimchoma, na kila mara aliinua kichwa na kujibu.

“Ninarudisha thangari ya mchumba wangu. Niliitupa.”

“Thangari? Unapanda thangari, Ngatia?”

“Ninapanda.”

Wakacheka. Akaendelea kuchimba huku uso umemwiva.

Kagure alikuwa barazani, amejifunga leso kiunoni. Kila tabaka la nyasi lililogeuzwa lilimpita moyoni, ilionekana wazi. Hatimaye alishuka ngazi akiwa na madebe mawili ya maji yaliyobaki, akampa Gaudencia juu ya ua. Kisha akaja akasimama nyuma ya mwanawe, akamtazama anavyofukia vipande vya ukoka.

“Unavikata vifupi mno,” alisema.

“Nduku alisema kila kifundo ni mche.”

“Kifundo kimoja kitakauka na jua hili. Acha vitatu, vinne, vipeane nguvu. Na ukandamize kwa mguu. Inapenda kukanyagwa, mbwa hii.” Aliinama, mgongo wake ukilia, akachukua kipande kutoka mkononi mwake. “Nimepigana nayo maisha yangu yote. Nani ataijua kuliko mimi?”

Ngatia alitaka kumkumbatia, akaogopa kulia mbele ya watu, akafukia kipande kingine.

“Na maji ya kuishikisha?” aliuliza.

“Ya vyombo. Yanatosha. Baada ya hapo ikitaka kufa, ife.”

*

Jumamosi iliyofuata Nduku hakuja Karatina. Wala ile nyingine. Ngatia alikaa kwenye meza yao karibu na dirisha, akanywa chai mpaka ikapoa, akasikiliza wanawake sokoni wakibishana juu ya bei ya viazi vilivyonyauka. Moffat, mwenye hoteli, aliacha kumuuliza kama alete kikombe cha pili. Ngatia alijua kwamba anastahili kiti kile kitupu, na bado alikitazama.

Jumamosi ya tatu mlango ulifunguka na Nduku akasimama mbele yake, mkoba begani, vumbi la Wang'uru viatuni. Hakuketi. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Ngatia aliinuka nusu, akarudi chini, hakujua afanye nini na mikono yake.

“Ukoka wangu unaendeleaje?” Nduku aliuliza.

Meza za karibu zilinyamaza, maana sauti yake ilikuwa ya mwalimu. Ngatia alihisi masikio yakipata moto kama siku zote. Akamtazama usoni.

“Vibaya,” alisema. “Nimeurudisha na mvua haijanyesha. Nusu umekauka kabisa, nusu ni kahawia, sijui kama umeshika au umekufa. Uwanja mzima ni udongo na nyuzi. Akina mama wa kanisa walikuwa kwetu juzi.”

“Wakasemaje?”

“Walicheka.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Langoni. Niliwaambia ni wa mchumba wangu, kama bado ananitaka, na wasikanyage pale kona, kwa sababu pale kuna kifundo kimoja kimetoa jani.”

Nduku hakutabasamu. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta usoni mwake ule uongo aliouzoea. Kisha akashusha mkoba begani, akavuta kiti, akaketi.

“Jani moja tu?” aliuliza.

“Moja tu,” Ngatia alisema.